Kungoja Mali

Kijana mmoja anapanda gari la farasi London, anasafiri saa tano kurudi mji wa kwao katika jimbo la Kent. Ameitwa na bibi tajiri. Nje kidogo ya mji huo, mahali pa kwenda kwa miguu, anaishi shemeji yake, mhunzi aliyemlea tangu utotoni na aliyekuwa akimficha nyuma ya mguu wake mkubwa kila dada mtu alipokuja juu na fimbo. Njiani kijana anakusanya sababu za kutolala kwa shemeji: hawamtarajii, kitanda hakitakuwa kimetandikwa, atawasumbua, halafu ni mbali na kwa yule bibi. Analala hotelini. Anamaliza shughuli yake na kurudi London bila kupita uhunzini. Akishafika, moyo unamuuma. Anaagiza samaki mkubwa na pipa la chaza, vipelekwe kwa shemeji.

Huyo ni Pip, mhusika mkuu wa riwaya ya Charles Dickens iitwayo Great Expectations, iliyotoka kipande kwa kipande kila wiki katika jarida la mwandishi mwenyewe, All the Year Round, kuanzia Desemba 1860 hadi Agosti 1861. Wengi huikumbuka kwa sababu ya Miss Havisham, bibi aliyeachwa siku ya harusi, akasimamisha saa zote za nyumba na kubaki na gauni lake la harusi mpaka likageuka manjano mwilini. Mimi huikumbuka kwa sababu ya yule samaki.

Tukizungumza jinsi mali inavyoharibu tabia, mawazo yetu hukimbilia makosa makubwa: dhuluma, uzinzi, damu ya ndugu. Pip hafanyi hata moja kati ya hayo. Wizi pekee tunaomwona akiufanya aliufanya akiwa mtoto fukara, alipochukua chakula na tupa jikoni na uhunzini kwa dada yake ili kumpelekea mfungwa mtoro aliyemkamata makaburini usiku wa kuamkia Krismasi. Aliiba kwa hofu, lakini pia alisimama akamtazama yule mtu akila, na akamhurumia. Miaka mingi baadaye, akiwa na nguo nzuri na posho nono, haibi kitu cha mtu. Anachofanya ni kutokwenda kwa Joe, yule shemeji mhunzi, na kutuma samaki. Swali langu ni jinsi mtoto yule alivyokuja kuwa kijana huyu, na kama ni haki kuibebesha mali lawama yote.

Tuanze na tarehe za mambo, kwa sababu ndizo zinazovunja maelezo ya haraka. Mara nyingi husemwa kwamba Pip alikuwa mtoto mwema, akapata fedha, akaharibika. Kitabu hakisemi hivyo. Pip anaanza kuharibika miaka kadhaa kabla hajaishika hata gini moja ya urithi wake, siku anapopelekwa kwa Miss Havisham kucheza karata na Estella, binti aliyelelewa na bibi huyo. Estella anamcheka kwa namna anavyoita karata fulani, anaitazama mikono yake na kuiona migumu, anavitazama viatu vyake na kuviona vizito. Basi. Hakupewa kitu wala hakuahidiwa kitu. Lakini anarudi nyumbani akijua jambo ambalo asubuhi hakulijua, kwamba kwao ni kwa watu duni. Jioni hiyo hiyo anaanza kusema uongo. Anawasimulia dada yake na mjomba mnafiki Pumblechook habari za gari la mahameli nyeusi na mbwa wakubwa wanaogombania nyama katika kikapu cha fedha. Usiku anamwendea Joe na kukiri. Joe anamjibu kwa upole kwamba uongo haumfikishi mtu kwenye ubora. Pip anamsikia, anaingia kulala, na kitandani anaendelea kufikiri jinsi Estella angeviona viatu vya Joe.

Hapo ndipo kidonda kilipochimbwa. Mali ilikuja baadaye, ikakikuta. Kwa zaidi ya miaka mitatu Pip anafua chuma kama mwanagenzi wa Joe, kazi ambayo utotoni aliiona kuwa ndiyo njia ya kuwa mwanamume, na sasa kila cheche inampandisha hofu kwamba Estella atachungulia dirishani na kumwona na masizi usoni. Miss Havisham alipolipa gini 25 kwa ajili ya mkataba wa uanagenzi, Joe aliona aibu kumjibu bibi yule moja kwa moja, akawa anamwelekea Pip kila anapoulizwa. Mtoto alimwonea haya mtu aliyempenda kuliko wote duniani. Kumbuka kwamba bado ni maskini.

Kwa hiyo wakili Jaggers anapomfuata Pip baa ya kijijini, kisha anapotangaza nyumbani kwa Joe kwamba Pip ana mfadhili, kwamba atafanywa muungwana na siku moja kukabidhiwa mali nyingi, habari hiyo haileti ugonjwa mpya. Inaupa ugonjwa wa zamani chakula. Soni bila fedha humfanya mtu alie faraghani. Soni yenye posho huweza kupanga chumba mjini, kununua suti, kuajiri mtumishi na kukaa mbali na wanaomkumbusha asili yake. Naamini huu ndio ufunguo wa suala zima, na ndiyo sababu siridhiki na ile methali yetu ya maskini akipata. Methali ile inamcheka aliyepata. Haimuulizi nani alimfundisha kwanza kujichukia.

Angalia pia jina la kitabu. Dickens hakukiita utajiri mkubwa, alikiita matarajio makubwa. Sharti la Jaggers ni kwamba Pip asiulize mfadhili ni nani mpaka mwenyewe ajitokeze, na mali yenyewe itakuja hapo baadaye. Kwa sasa ni posho. Pip, aliyekwisha kuamini kwamba mfadhili ni Miss Havisham na kwamba Estella ameandaliwa kuwa mkewe, anaingia katika maisha ambayo kazi yake kubwa ni kungoja. Hasomei taaluma yoyote. Anakopa. Anajiunga na klabu ya vijana wa aina yake ambao shughuli yao ni kula kwa gharama kubwa na kugombana. Anaajiri mtumishi mdogo, anamvika sare, halafu anatumia siku kutafuta kazi ya kumpa. Yeye na rafiki yake Herbert Pocket hukaa jioni kuorodhesha madeni kwa mwandiko mzuri, wakiongeza kiasi juu ya jumla ili kujipa nafasi, kisha wanakopa mpaka wanaijaza nafasi hiyo. Wahenga walilimaliza jambo hilo kwa maneno manne: kukopa harusi, kulipa matanga. Kinachoumiza zaidi ni kwamba Herbert hana matarajio yoyote. Mazoea ya Pip yanamvuta katika matumizi asiyoyamudu, na Pip analiona hilo, linamkosesha usingizi, na asubuhi yake anaendelea.

Pip si peke yake katika ungojaji huo. Nyumba ya Miss Havisham inaitwa Satis, neno la Kilatini la kutosha, na Estella mwenyewe anamweleza Pip kwamba aliyeipa jina hilo alimaanisha kuwa mwenye nyumba hiyo hatahitaji zaidi. Humo ndani hakuna hata mmoja aliyetosheka. Ndugu za bibi hujazana kila siku yake ya kuzaliwa, kila mmoja akionyesha mapenzi kwa kadiri anavyokisia wasia. Bibi anawajua, na amekwisha kuwaonyesha ile meza ya harusi iliyojaa utando wa buibui kwamba ndipo atakapolazwa maiti, na kila mmoja wao atasimama upande gani. Ni ndugu mmoja tu, Matthew, aliyewahi kumwambia ukweli, na huyo hakanyagi hapo. Waliobaki hawana mali, lakini mali wanayoitazamia imekwisha kuwala.

Kuna wasimulizi wengine wakubwa waliolipima jambo hili, na wakiwekwa karibu na Dickens hoja inakunjuka vizuri. Katika The Pearl ya John Steinbeck, iliyotoka kama kitabu mwaka 1947, mvuvi Kino wa La Paz huko Mexico anapata lulu kubwa isiyo kifani. Lulu hiyo haikuuzwa hata siku moja. Hata hivyo, kwa sababu yake Kino anaua, anampiga mkewe Juana alipojaribu kuirudisha baharini, na mwishowe anampoteza mtoto wao. Huyu naye ameharibiwa na mali isiyofika. Lakini hafanani na Pip, na tofauti yao ni muhimu. Kino anatamani ndoa ya kanisani, bunduki na shule kwa mwanawe. Ndoto zake zote zimewaelekea watu wake. Wanaomtia wazimu ni wanunuzi wanaojifanya washindani kumbe bwana wao ni mmoja, na daktari aliyekataa kumtibu mtoto kwa kukosa malipo kisha akaja mbio aliposikia habari za lulu. Matarajio ya Kino yalimgombanisha na wanyang'anyi. Matarajio ya Pip yalimgombanisha na nyumbani.

Pahom wa Leo Tolstoy, katika hadithi fupi ya mwaka 1886 kuhusu mkulima na kiasi cha ardhi kinachomtosha mtu, anatupa upande mwingine. Yeye mali aliishika. Alipokuwa hana shamba aliumizwa na faini za msimamizi wa shamba la jirani kila mifugo yake ilipovuka mpaka. Alipopata shamba lake akaanza kuwatoza faini majirani zake kwa kosa lile lile. Nadhani hakuna maelezo mafupi na ya kweli kuliko hayo juu ya jinsi mali inavyofuta kumbukumbu. Mwisho wake unajulikana: kwa Wabashkiri, ruble elfu moja zinanunua ardhi yote atakayoweza kuizunguka kwa miguu kabla jua halijatua. Anaizunguka, anafika, anaanguka na kufa. Hata Pahom, basi, aliuawa na shamba ambalo alikuwa bado hajalipata.

Kwetu, Shaaban Robert aliligusa suala hili katika Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952. Faraji anakufa na kuacha mali, watoto watatu wanaigawana sawasawa. Hasidi na Mwivu wanaondoka na mafungu yao kwenda kufanya biashara, wanarudi mikono mitupu. Adili anawagawia tena fungu lake. Jazua yake ni kutoswa baharini. Shaaban anashika msimamo ulio kinyume cha Dickens. Fungu ni moja, baba ni mmoja, ila ndugu wawili wamekwisha kuitwa Hasidi na Mwivu kabla hawajahesabu hata senti. Mali haikuwafanya, iliwafunua. Msimamo huo una nguvu yake, hasa katika hadithi yenye majini na watu waliogeuzwa manyani, ambapo kila mtu ni picha ya jina lake. Hata hivyo haunifikishi ninakotaka. Ukishamwita mtu Mwivu, msomaji anajua kwamba yeye si Mwivu, anafunga kitabu kwa amani. Pip hana jina la namna hiyo. Yeye ni mtoto mwema, anajua mema, anaona kila kosa wakati analitenda, na analitenda. Msimuliaji ni Pip huyo huyo aliyekwisha kuwa mtu mzima, na hajionei huruma. Anakiri kwamba Joe alipokuja kumtembelea London, kama angeweza kumzuia kwa kulipa fedha, angelipa.

Ziara hiyo inastahili kukaliwa. Joe amevaa nguo zake za Jumapili zisizomkaa. Hajui aiweke wapi kofia yake, anaiweka ukingoni juu ya meko, inaanguka, anaidaka, inaanguka tena. Anamwita Pip bwana, mara anasahau na kumwita jina, mara anarudia bwana. Pip anakasirika, na anajua kwamba angekuwa yeye mwepesi kwa Joe, Joe naye angekuwa mwepesi kwake. Kisha Joe, wakati wa kuaga, anapata ufasaha ambao hakuwa nao mezani. Anasema kwamba maisha yamejaa kutengana, kwamba yeye si mtu wa London, na kwamba Pip akitaka kumwona alivyo hasa, aje amchungulie uhunzini akiwa na nyundo mkononi. Anaondoka. Pip anabaki sakafuni, kwa maana ya moyo, halafu anatoka kumtafuta mitaani, amekwisha kwenda. Kesho yake ndipo inapofuata ile safari ya Kent, na hoteli, na samaki.

Sijapata kuisoma sehemu hiyo bila kuikumbuka simu yangu. Sisi tulioondoka kwenye nyumba zilizotulea tunajua kutuma, tena kutuma na ya kutolea, na mara nyingi kinachotumwa kina mapenzi ndani yake. Kipo pia kile kinachotumwa ili mtu asiende. Aliyetumiwa huijua tofauti, hata kama atashukuru kwa sauti ile ile.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe. Pip anataka kuwa gentleman, na Kiswahili kina neno linalolikaa hilo vizuri kuliko lugha nyingi: muungwana. Pwani yetu ya zamani ilimwita muungwana mtu asiye mtumwa, mwenye asili inayojulikana, mavazi ya heshima na ulimi uliofunzwa. Lilikuwa daraja la kuzaliwa. Lakini tangu zamani watu walilivuta neno hilo upande wa pili, wakasema uungwana ni vitendo. Mvutano huo huo ndio uliokuwa ndani ya neno la Kiingereza katika karne ya 19, na Dickens ameujengea kitabu kizima. Bentley Drummle, mwana wa watu wakubwa, anamwoa Estella na kumtesa. Compeyson, tapeli aliyemwacha Miss Havisham siku ya harusi, anapofikishwa mahakamani pamoja na mwenzake aliyekuwa akimtumikia, anasimama na leso nyeupe na lafudhi ya shule, anapewa miaka 7. Mwenzake, mwenye sura ya kuteseka na mwenendo wa jela tangu utotoni, anapewa 14 kwa kosa lile lile. Drummle na Compeyson ndio waliohesabiwa kuwa waungwana. Joe, ambaye wakati huo bado hajui kusoma, ndiye anayeukataa mkono wa Jaggers unaomtolea fidia kwa kumpoteza mwanagenzi wake, tena anaukataa kwa hasira ambayo hatumwoni nayo kwa Pip hata mara moja. Hasemi kwamba fedha ni mbaya. Anasema tu kwamba haiwezi kumlipa kwa ajili ya mtoto.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Msemo huo ulitungwa mahali ambapo mtumwa alikuwa mtu aliyeonekana kwa macho sokoni, na uzito wake ulikuwa mwingine. Ukimtazama Pip kwa jicho hilo, London imemtoa uhunzini na kumpeleka mahali ambapo hana hiari. Hawezi kuchagua kazi, hawezi kumuuliza mfadhili jina, hawezi kwenda kwao.

Wala si haki kumsimamisha Pip peke yake kizimbani. Siku anapotangaza urithi wake kwa fundi wa nguo, Bwana Trabb, ambaye dakika iliyotangulia alikuwa akiendelea kupaka siagi mkate wake, fundi huyo anainuka, anafuta vidole na kumwita bwana. Mjomba Pumblechook, aliyemdhalilisha mezani tangu utotoni, anaomba kumpa mkono, anaomba tena, anaomba tena, na baadaye mji mzima unasikia kwamba yeye ndiye aliyeweka msingi wa bahati hiyo. Mtu wa pekee anayekataa kupinda ni kijana mtumishi wa duka la Trabb, anayemwiga Pip barabarani akijifanya hawajui watu. Pip analipa kejeli hiyo kwa kumwandikia Trabb barua ya kukatisha uteja wake kwa sababu ya kijana huyo. Hapa ndipo fedha inapofanya ukatili wake mtupu, wa kumkatia mtu riziki kwa barua fupi. Na mali inapokwisha, hoteli ile ile inampa Pip chumba cha hovyo. Mji unaomwabudu mwenye mali haupaswi kushangaa akijiona mungu.

Dickens aliyajua haya kwa ngozi yake. Mwaka 1824 baba yake alifungwa kwa deni katika gereza la Marshalsea, na Charles, mwenye umri wa miaka 12, alikuwa akibandika karatasi kwenye chupa za rangi ya viatu katika kiwanda kimoja kando ya mto Thames, kwa shilingi sita au saba kwa wiki. Aibu ile aliificha kutoka kwa umma maisha yake yote; ilijulikana baada ya kifo chake, mwaka 1870, kupitia wasifu ulioandikwa na rafiki yake John Forster. Alipoandika habari za Pip alikuwa amekwisha kununua Gad's Hill, nyumba ya Kent aliyoitamani alipokuwa mtoto akipita njiani na baba yake. Ndiyo maana hakuna msomaji anayehitaji kumwambia kwamba umaskini si fahari. Hamsifii mtu kwa kukosa. Fedha nzuri pia imo kitabuni. Pip alipotimiza miaka 21 na kupewa pauni 500 kwa mwaka, alitumia sehemu kubwa yake kumnunulia Herbert nafasi katika kampuni ya biashara kwa siri, bila Herbert kujua imetoka wapi. Huo ndio wema wake wa pekee katika miaka yote ya London, na anaufanya kwa namna ile ile aliyofanyiwa yeye, gizani. Zawadi iliyofichwa inaweza kumjenga mtu anayefanya kazi. Ilimbomoa aliyekuwa anangoja.

Halafu usiku wa tufani, Pip akiwa na miaka 23, mfadhili anapanda ngazi. Si Miss Havisham. Ni Magwitch, yule mfungwa wa makaburini, aliyepelekwa uhamishoni Australia, akafuga kondoo New South Wales, akaishi kwa taabu ili kila pauni aliyochuma imfanye mtoto aliyemletea chakula kuwa muungwana. Pip anapoambiwa hayo anamwona kama mnyama wa kutisha. Hapo ndipo nadhani Dickens anatamka alichokuwa akitaka kutamka tangu mwanzo. Kila suti, kila chaza, kila kiti katika klabu ile kilitoka kwenye mikono ya mtu ambaye Pip asingekubali kuketi naye. Kosa lake kubwa halikuwa kuzipenda fedha. Alizila miaka mitano bila kutaka kujua jasho la nani, kwa kuwa jibu alilolibuni mwenyewe lilikuwa tamu.

Mwandishi, hata hivyo, anaishia njiani. Malisho ya New South Wales yalikuwa ardhi ya wenyeji walionyang'anywa, na riwaya haiwataji. Herbert, anapoota utajiri kwa sauti, huzungumzia hariri, viungo, sukari ya visiwa vya Karibi, na pembe za ndovu kutoka Ceylon. Msomaji wa pwani lazima asite kwenye pembe hizo. Miaka ile ile Unguja ilikuwa bandari kuu ya pembe za ndovu za Afrika Mashariki. Zilishushwa kutoka bara mabegani mwa wapagazi na kuishia kuwa vitufe vya piano na vipini vya visu katika nyumba za waungwana wa Ulaya na Marekani. Herbert hasemi habari za Unguja, wala simsingizii. Lakini kitabu kinachomuuliza Pip kwa ukali mkubwa fedha ya Magwitch imetoka wapi, hakimuulizi Herbert lolote. Mwisho Pip mwenyewe anakwenda Misri kuwa karani wa kampuni ile ile ya Herbert mjini Cairo, na tunaambiwa ni kazi halali. Pengine. Ningependa swali lililoulizwa kwenye ngazi za London liulizwe na huko.

Kupona kwa Pip kunaanza kwa kupoteza. Magwitch anakamatwa, na kwa sheria ya wakati ule mali ya mhalifu aliyehukumiwa inakwenda kwa Taji; sheria hiyo ilifutwa mwaka 1870, miaka tisa baada ya kitabu kukamilika. Urithi wote unayeyuka kabla haujamfikia. Pip aliyemwonea Magwitch kinyaa anakaa kando yake mahakamani na kumshika mkono mbele ya watu wote, mkono mgumu kuliko wake ulivyowahi kuwa. Magwitch anafia gerezani bila kujua kwamba urithi ule hautamfikia Pip. Pip anaugua homa, wadai wanamjia na hati ya pauni 123, shilingi 15 na peni 6. Anapozinduka, Joe yupo kitandani kwake. Anamlisha, anambeba, na siku za udhaifu ule wanakuwa Joe na Pip wa zamani. Lakini kadiri mgonjwa anavyopata nguvu, Joe anaanza tena kumwita bwana. Asubuhi moja ameondoka, ameacha barua fupi, na deni lote amelilipa kwa akiba ya uhunzi.

Pip alikuwa na mpango wa kwenda kumwoa Biddy, msichana aliyemwambia ukweli tangu siku ya kwanza na ambaye kwa ukweli huo alimwita mwenye wivu. Alifika siku ya harusi yake na Joe. Akaenda Misri. Baada ya miaka 11 alirudi, akafungua mlango wa jikoni taratibu, akamkuta Joe na mvi zake kwenye kiti kile kile, na kandoni, nyuma ya mguu wake mkubwa, mtoto ameketi kwenye kigoda kidogo akitazama moto. Walikuwa wamempa jina la Pip. Baada ya chakula, Biddy akimbembeleza binti yake mdogo mapajani, Pip mtu mzima, sasa mwenye mshahara na jina zuri kazini, alimwomba siku moja wampe mtoto yule, au japo wamwazime.

Biddy akasema hapana.